KITABU CHA HISA KILISEMA, SISI HATUKUSIKIA

Mada iliyosomwa na Kamati ya Ustawi wa Wanachama katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi chetu



  Miaka kumi si mchezo. Tulianza akina mama kumi na wanane chini ya mwembe, tukiwa na sanduku la mbao lenye kufuli tatu, na wapo waliotucheka kwamba mfungo wa Ramadhani hautatukuta tukiwa pamoja. Mahesabu mmekwisha kuyasikia kwa Mweka Hazina, hatutayarudia.

Sisi wa Kamati ya Ustawi tumepewa nafasi tuzungumzie amani ya nyumbani. Tulipoitaja mada yetu kwenye kikao cha maandalizi, wapo wenzetu waliosema, "Jamani, siku ya sherehe mnatuletea habari za vipigo? Watu wamevaa sare mpya, wamekuja kula pilau." Tukawajibu hivi: pilau ipo na italiwa. Lakini kikundi kinachosherehekea miaka kumi bila kusema pale kilipoteleza, kitateleza pale pale mwaka wa kumi na moja. Kwa hiyo tunaomba mtuvumilie.

HABARI YA CHEREHANI

Katika mwaka wetu wa nne tulikuwa na mwenzetu mmoja, fundi wa kushona. Jina lake hatutalitaja. Tumemwomba ruhusa ya kuieleza habari hii, naye ametukubalia kwa maneno haya: "Jina langu msilitaje, ila cherehani yangu mtaje."

Mwenzetu huyu alikuwa mfano. Hisa yetu ni Sh. 2,000, na mwisho wa kununua ni hisa tano kwa wiki. Yeye wiki ishirini mfululizo alinunua tano. Akaweka akiba Sh. 200,000, akakopa mara tatu yake kama kanuni zinavyoruhusu, yaani Sh. 600,000. Aliandika kwamba ni za kununua vitambaa na cherehani ya pili.

Cherehani ya pili hatukuiona. Tuliona pikipiki ya mumewe. Tukasema basi, ni mambo ya mke na mume, pengine wamekubaliana.

Kuanzia hapo, wenye kumbukumbu mtakumbuka, hisa zikashuka kutoka tano hadi moja. Halafu akawa haji yeye, anamtuma mtoto na pesa. Akija mwenyewe anachelewa, amekaa ukingoni mwa mkeka, kila dakika anaangalia simu. Tukimpigia, inapokelewa na sauti ya mwanamume: "Yuko jikoni, sema unataka nini." Sisi tukafanya nini? Tukaandika faini. Katika miezi minne tuliandika faini kumi na moja, Sh. 500 kila moja, jumla Sh. 5,500. Zimo kitabuni mpaka leo, kwa mwandiko wetu wenyewe.

Marejesho yalipokwama, wadhamini wake wanne pamoja na mtunza nidhamu wakaenda nyumbani kwake kuchukua dhamana. Dhamana ilikuwa cherehani. Walimkuta uani, jua la saa nane, amejifunga mtandio shingoni umembana. Sauti ilikuwa imekauka, haitoki. Mmoja wetu akamwambia, "Pole na mafua, shoga." Akaitikia kwa kichwa. Tukabeba cherehani, tukaondoka.

Yale hayakuwa mafua. Alikuwa amekabwa shingo siku mbili kabla. Wiki tano baadaye alikabwa tena, majirani wakavunja mlango, akapelekwa hospitali hajitambui. Mungu akamwokoa. Leo anaishi mkoa mwingine karibu na kaka yake. Cherehani tulimrudishia na deni tukalifuta, lakini kikundini hajarudi, wala hatumlaumu. Tulimnyang'anya chombo cha kazi siku ambayo alihitaji mtu wa kumuuliza, "Shingo ina nini?"

Ndugu Mgeni Rasmi, baada ya hapo tulikaa tukafungua kitabu cha hisa, ukurasa kwa ukurasa. Kila kitu kilikuwamo. Tulidhani tunasoma uvivu, kumbe tulikuwa tunasoma mateso. Ndiyo sababu tumechagua mada hii.

UKATILI WA NYUMBANI NI NINI?

Wengi wetu tukisikia ukatili wa nyumbani tunaona jicho lililovimba. Hilo ni jani moja la mti. Upo wa mwili: kupiga, kuchoma, kukaba. Upo wa maneno: matusi, kudharau, kutishia. Upo wa tendo la ndoa, mtu kulazimishwa hali hataki au mgonjwa. Upo wa mali: kunyang'anywa mapato, kukatazwa kazi, kukopeshwa kwa nguvu. Na yote hayo huwa na mzizi mmoja, nao ni mtu kutaka kumtawala mwenzake mpaka asiwe na uamuzi wake mwenyewe.

Msidhani ni tatizo la nyumba mbili tatu za mwisho wa mtaa. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya uchunguzi uliofanyika nchi mbalimbali, Tanzania ikiwamo. Katika wanawake waliowahi kuishi na mume au mwenzi, Dar es Salaam 41 katika kila mia walisema wamewahi kupigwa au kuingiliwa kwa nguvu na mwenzi huyo. Mkoani Mbeya walikuwa 56 katika mia. Na uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba wanawake 40 katika mia, wa miaka 15 hadi 49, wamewahi kupigwa tangu wafikishe miaka kumi na mitano. Sasa tuhesabuni sisi tuliokaa kwenye mikeka hii. Hatuhesabu wageni hapa, tunajihesabu wenyewe.

Wanaume nao wapo wanaoteswa, na wapo wanaoona haya kusema. Hilo tunalijua na hatulicheki. Wapo pia mawifi na mama wakwe wanaotesa mke aliyeletwa. Lakini wanaoishia kuumizwa vibaya na kuuawa majumbani na wenzi wao, wengi ni wanawake.

MAMBO YANAYOJIFICHA

Siri ya mtungi aijuaye kata. Ukatili hauanzi na ngumi. Ungeanza na ngumi, binti angerudi kwao wiki ya kwanza. Huanza kidogo kidogo, tena mara nyingi huvaa nguo ya mapenzi.

Mume anamfuata mke sokoni kila siku saa kumi na moja kamili. Sisi wauza mboga tunasema, "Una bahati mwenzetu, unapendwa." Hatumuulizi kinachotokea siku akikuta mteja wa kiume anapima nyanya. Mume anasema, "Yule shoga yako simpendi," basi shoga anaachwa. Kesho, "Dada yako mchonganishi," dada anaachwa. Mwaka unapita, mtu hana wa kumwendea. Halafu inakuja simu, lazima ajue namba ya siri, lazima asome kila ujumbe, na pesa ya kwenye simu anaitoa yeye. Kitambulisho cha taifa anakitunza yeye "kisipotee". Nauli anaihesabu, chenji anaidai mpaka shilingi mia. Nguo anachagua yeye. Mkiwa na wageni, mke akiulizwa swali, mume ndiye anajibu.

Ukilichukua jambo moja peke yake, utasema ni tabia tu, kila mtu na tabia yake. Ndiyo maana yanajificha. Yaweke pamoja uone kama hayafanani na ua linalojengwa mti mmoja mmoja, mpaka siku aliyemo ndani anatafuta pa kutokea hapaoni. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Evan Stark, aliandika kitabu mwaka 2007 akaeleza jambo hili, kwamba ukatili mkubwa wa nyumbani ni kunyang'anywa uhuru, na kipigo ni kifaa kimojawapo tu. Kule England na Wales, mwaka 2015 ilitungwa sheria inayofanya udhibiti wa namna hiyo kuwa kosa la jinai hata pasipo kipigo.

Jambo la pili linalojificha ni ule utulivu wa baadaye. Leo amepiga, kesho amepiga magoti. Analia, analeta khanga doti mbili, anamwita mshenga, anaahidi mbele ya wazee. Nyumba inakuwa tamu kuliko harusi. Mke anasema, "Kumbe ni shetani alipita tu." Wiki zinapita, neno linaanza kuwa kali, sahani inasukumwa, watoto wananyamaza baba akiingia, na kila mtu nyumbani anatembea kwa vidole. Halafu mvua inanyesha tena. Mwaka 1979 mtaalamu mwingine, Lenore Walker, aliuandika mwendo huo akaonyesha kwamba unazunguka. Si nyumba zote zinafuata mwendo huo, ziko ambazo khanga haiji kamwe. Lakini pale unapozunguka, tuelewe kwamba ile khanga ni sehemu ya mzunguko, haijaukata.

Jambo la tatu ni sura ya nje. Mtu huyo mtaani anaweza kuwa mpole, msikitini yuko safu ya mbele, kanisani anakusanya sadaka, kwenye misiba ndiye anayechimba kaburi. Mke akisema, watu wanamshangaa yeye. Na yeye kwa kukosa usingizi na kwa hofu anaonekana mkali, anasahau, analia hovyo. Mume anatikisa kichwa, "Mnamwona wenyewe, mke wangu hana akili timamu siku hizi." Basi tunamwonea huruma mume.

Wengine wanasema ni pombe. Pombe huongeza moto, hatubishi. Lakini tujiulize, mbona akilewa hampigi Mwenyekiti wa Mtaa? (Samahani, Ndugu Mwenyekiti.) Mbona njiani anapishana na watu ishirini hampigi hata mmoja, anapiga akifika kwake? Pombe haichagui. Anayechagua ni yeye.

TUSOMEJE VITABU VYETU?

Hapa ndipo sisi wa vikundi tuna jicho ambalo hata daktari hana. Daktari anamwona mtu siku ameumia. Sisi tunakutana kila wiki, na mambo yake tunayaandika. Kwa miaka hii baada ya lile la cherehani tumejifunza kuangalia mambo yafuatayo:

1. Hisa zinashuka ghafla ingawa biashara haijaanguka, au mwanachama ananunua kiasi kile kile kidogo kana kwamba amepimiwa.

2. Mkopo unaombwa kwa haraka, mwombaji hawezi kueleza ni wa nini, au anaeleza kama aliyekariri. Baada ya mkopo kinaonekana kitu cha mume, cha mke hakionekani.

3. Mwanachama anakopa kwetu ili alipe mikopo ya kausha damu ambayo hakuichukua yeye, bali imeandikwa jina lake.

4. Anachelewa, anaondoka kabla ya dua ya kufunga, anaogopa simu ikiita.

5. Anaanza kutuma mtoto au mtu mwingine, au saini yake inabadilika.

6. Anaomba kujitoa katikati ya mzunguko na kuchukua akiba yote, tena mume yuko nje anamsubiri.

7. Hataki mgao wake utajwe hadharani, au anaomba uandikwe pungufu.

Tuwe waangalifu hapa. Dalili moja si ushahidi. Mtu anaweza kushusha hisa kwa sababu ana ada ya shule, na mwingine anamtuma mtoto kwa sababu mama yake mzazi anaumwa. Hatutaki kikundi kigeuke kuwa kamati ya umbeya. Tunachosema ni kwamba mawingu yakikusanyika, mtu anauliza. Anauliza kwa upole, pembeni, wawili tu: "Mwenzetu, tumeona hivi na hivi. Nyumbani kuko salama?" Halafu ananyamaza, anasikiliza. Akisema hakuna kitu, anamwambia, "Sawa. Siku ukitaka kuongea, nipo." Wengi hawasemi mara ya kwanza. Aliyeulizwa mara ya kwanza kwa heshima ndiye anayesema mara ya tatu.

Hapa pana jambo lililotuuma sana. Kikundi tulikianzisha tukiamini kwamba mwanamke akiwa na pesa yake hapigwi. Kwa wengine imekuwa hivyo kweli, kipato kimewapa kauli. Kwa wengine kipato ndicho kilichowasha moto, maana aliyezoea kutawala anaona mamlaka yanamtoka. Hapa jirani tumeona hata kwa wanawake mashuhuri. Oktoba 2021 mwanariadha wa Kenya, Agnes Tirop, aliuawa nyumbani kwake Iten, mwezi mmoja tu baada ya kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 za barabarani katika mbio za wanawake pekee. Aliyeshtakiwa ni mumewe. Septemba 2024 Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekuwa ametoka kukimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris, alifariki hospitalini Eldoret, siku nne baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake huko Trans Nzoia na mwanamume aliyewahi kuishi naye. Mgogoro uliotajwa ulikuwa wa ardhi ya mwanamke huyo. Kwa hiyo akiba peke yake si ngao. Akiba inataka watu wanaoangaliana.

DALILI ZA HATARI KUBWA

Nyumba zote zenye ukatili ni mbaya, lakini kuna ambazo kifo kiko mlangoni. Muuguzi mmoja wa Marekani, Jacquelyn Campbell, katika miaka ya 1980 alitengeneza orodha ya maswali ya kupima hatari hiyo, na mwaka 2003 yeye na wenzake walitoa uchunguzi wa wanawake waliouawa na wenzi wao katika miji 11. Tumejifunza kwao na kwa wengine, tukaona haya ni ya kukaririwa kama namba ya simu.

Kukabwa shingo. Hili tunaliweka juu ya yote. Mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzi wake yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuuawa baadaye na mtu yule yule. Uchunguzi mmoja wa Marekani wa mwaka 2008 uliona hatari hiyo inazidi mara saba. Na mara nyingi shingoni hakuna alama. Dalili ni sauti iliyokauka, kushindwa kumeza, vidoa vyekundu machoni, kuumwa kichwa, kupoteza kumbukumbu, kujikojolea bila kujua. Mtu anaweza kutembea na kuongea leo, hali ikageuka baada ya siku kadhaa. Kwa hiyo aliyekabwa aende hospitali hata kama anasema hajambo. Msimwambie pole na mafua.

Kutishia kuua au kujiua. "Nitakuua, halafu na mimi nijiue." Hayo si maneno ya hasira tu ya kupuuzwa. Yachukuliwe kama yalivyotamkwa.

Silaha. Panga likihamishwa kutoka stoo likawekwa chini ya kitanda, mtu aulize kwa nini. Petroli ikinunuliwa na asiye na chombo, hali kadhalika.

Wivu wa kufuatilia. Kumvizia njiani, kumpigia simu mara thelathini kwa siku, kusema "kama si wangu hutakuwa wa mtu."

Kipigo wakati wa ujauzito, na kipigo kinachozidi. Kama mwaka jana kilikuwa mara mbili na mwaka huu ni kila mwezi, mwendo unaonekana.

Na mwisho ni kuondoka kwenyewe. Watu wanasema, "Si aondoke tu! Anang'ang'ania nini?" Ndugu zetu, siku za kuondoka na miezi inayofuata ndizo za hatari kuliko zote, maana anayetawala anaona anashindwa. Mwanamke anayesitasita si mjinga, mara nyingi anaijua hatari kuliko sisi tunaompigia kelele. Kwa hiyo hatumwambii "ondoka leo", wala hatumwambii "vumilia". Tunamwambia, "Tupange."

TULIPOKOSEA NA TULIPOREKEBISHA

Wakati ule wa cherehani, kabla hali haijawa mbaya, wazee wa kikundi waliwahi kumwita yeye na mumewe kuwasuluhisha. Tukawakalisha benchi moja. Tukamuuliza mke mbele ya mume, "Haya sema, tatizo ni nini?" Angesema nini? Akasema hakuna tatizo. Tukawapa nasaha: mume apunguze hasira, mke apunguze maneno. Tukanywa chai, tukarudi nyumbani tumeridhika. Usiku ule alilipia kila neno.

Usuluhishi unafaa pale watu wawili wenye nguvu sawa wamekosana. Mmoja akiwa anamwogopa mwenzake, kuwakalisha pamoja ni kumweka tena mikononi mwake. Na sisi akina mama, masomo na makungwi, tujisemee wenyewe. Ni sisi tuliowafunda mabinti kwamba la chumbani halitoki nje, kwamba mume ni mtoto, kwamba kila nyumba ina vipigo vyake. Stara ni jambo jema, na siri za mapenzi za wawili zibaki za wawili. Lakini mkono shingoni si siri ya ndoa. Mficha maradhi kilio humfichua.

Baada ya kujikosoa, mkutano mkuu wetu ulibadilisha kanuni. Tunazisoma hapa ili vikundi wageni, mkipenda, mzichukue.

Kwanza, faini ya kuchelewa mara tatu mfululizo haiandikwi mpaka mtu wa Kamati ya Ustawi amezungumza na mwanachama faragha.

Pili, chombo cha kazi hakichukuliwi tena kuwa dhamana. Si cherehani, si jiko, si toroli.

Tatu, mkopo unaozidi Sh. 300,000 mwombaji anahojiwa peke yake, mume asiwepo hata nje ya dirisha.

Nne, mwanachama anaweza kuomba akiba yake isitajwe kwa sauti na kitabu chake kitunzwe ndani ya sanduku.

Tano, katika mfuko wa jamii tumetenga fungu la dharura. Mwanachama akihitaji nauli usiku, dawa au mahali pa kulala, anapewa siku hiyo hiyo na watu wawili tu wanajua. Hatuliandiki jina.

Sita, mwanachama aliye hatarini anasaidiwa kupanga: neno la siri la kumtumia mwenzake, nakala za vyeti vya ndoa na vya watoto zimewekwa kwa mtu mwingine, nguo kidogo na dawa zimehifadhiwa, jirani gani atafungua mlango, na watoto wanajua wakimbilie wapi. Hatuweki ujumbe wa namna hiyo kwenye simu yake, maana simu inasomwa.

Kuhusu sheria, wengi wanadhani mume ana ruhusa ya "kumwadabisha" mke. Hana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko, hata kama mila inasema vingine. Kifungu cha 56 kinampa mke haki sawa na mwanamume ya kupata mali na kuimiliki, na kifungu cha 59 kinazuia nyumba ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi. Aidha, tangu mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilikwisha kuamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali waliyochuma. Kwa hiyo anayeambiwa "utatoka kama ulivyoingia" anadanganywa.

Kwenye vituo vya polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Huko ndiko kunakotolewa PF3 ya kwenda nayo hospitali. Kama mtu hali yake ni mbaya, mwahishwe hospitali kwanza, maisha hayasubiri karatasi. Simu ya polisi ya dharura ni 112. Mtoto akiteswa, 116. Wapo pia wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, hawatozi ada. Na kwenda polisi hakuhitaji kupita kwanza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa. Baraza ni la anayetaka talaka, si la anayevuja damu.

NENO KWA AKINA BABA

Akina baba mliokaa hapa, hatukuwaita kuja kuwasuta. Wengi wenu mmetubebea sanduku hili usiku wa mvua, na waliovunja mlango siku ile walikuwa wanaume wawili, jirani zake. Tunawaomba mambo mawili. Rafiki yako akikwambia kijiweni "jana nimemnyoosha", usicheke. Kicheko chako ni ruhusa. Na wewe mwenyewe, ukiona watoto wananyamaza unapoingia, usijisifu kuwa wana adabu. Jiulize wanaogopa nini.

HITIMISHO

Ndugu Mgeni Rasmi, katika miaka kumi tumejifunza kuhesabu pesa bila kukosea hata shilingi. Sasa tunajifunza kuhesabu watu. Kila mkutano, baada ya kufunga sanduku, tunaangalia nani hayupo, nani amekaa ukingoni, nani ametuma mtoto. Halafu mmoja wetu anakwenda kubisha hodi, bila kitabu cha faini mkononi.

Yule mwenzetu tulipomrudishia cherehani hakusema mengi. Aliifunua kitambaa, akaizungusha gurudumu, akaweka uzi. Kisha akatuuliza, "Hivi siku ile, kati yenu watano, hakuna hata mmoja aliyeona?" Hatukuwa na jibu. Tumeona, Bibi wee. Tuliona wote. Tunatoa mada hii mbele ya watu wote hawa ili wa kesho asituulize tena swali hilo.

Kwa maneno haya machache, akina mama, akina baba na wageni wetu wote, tunawatakia sherehe njema na nyumba zenye amani.